Kisiwa Alichotusimulia Ramadhani

Safari hii iliahidiwa na mtu mwingine kabla yangu. Ramadhani, mume wa kwanza wa mke wangu, aliwaambia watoto wake kwamba siku moja atawapeleka Lamu. Akaugua, hakuugua siku nyingi, akafa, na safari ikabaki hewani. Mimi nilimwoa Zuhura miaka kadhaa baadaye. Nilitoka Kawangware na cherehani yangu na mkoba wa nyundo, nikahamia kwao Makina, kwenye nyumba ya mabati yenye ua mpana ambayo babu zake Wanubi waliijenga wakati Kibera yote ilikuwa bado msitu. Nilikuta watoto wawili: Hanifa, msichana aliyekuwa anakaribia miaka kumi na tatu, na Idi, wa miaka sita, ambaye hakukumbuka hata sura ya babake. Nikakuta na hicho kisiwa pia, maana kilikuwa kinaishi mle ndani.

Kila usiku Hanifa alikuwa akimsimulia Idi mpaka alale. Baba yao alikuwa fundi wa stima, yaani umeme, na alipokuwa kijana alitumwa Lamu kuweka stima kwenye nyumba moja ya wageni, nyumba yenye mlango wa kijani na ngazi mbili. Ndivyo alivyowaambia. Kule hakuna magari. Mizigo yote inabebwa na punda, na punda wakiugua wana hospitali yao. Kule kuna vilima vya mchanga mtupu, hakuna jiwe hata moja. Na giza likiingia, ukitia mkono baharini maji yanawaka, kwa sababu bahari ina stima yake yenyewe. Hanifa aliyasema hayo bila kubadilisha neno, na mimi, upande wa pili wa pazia, mara nyingi nilishikwa na usingizi kabla ya Idi.

Hanifa hakuwa mkorofi kwangu. Alinisalimia, aliniwekea chai, aliniita Anko Rashid. Lakini tangu niingie nyumba ile hakuwahi kuniomba kitu, hata penseli. Kwetu Mumias wanasema mtoto asiyekuomba kitu bado anakuona mgeni.

Mimi ni fundi wa viti. Navua sofa nguo kuukuu na kuivisha mpya, najaza mito, nakaza springi. Mmoja wa wateja wangu pale mtaa wa Olympic, Mama Salma, ana dada yake Lamu, anaitwa Bi Rukia, mwenye nyumba ya kulaza wageni. Mito na magodoro ya mabaraza yake yote yalikuwa yamechakaa kwa chumvi na jua. Mama Salma akaniuliza kama naweza kwenda kuyashona kule kule.

“Nenda na familia,” Mama Salma aliniambia. “Msimu huu wageni hakuna, vyumba vya juu viko tupu. Mtalala huko na mtakula kwake.”

Jioni nikawaambia. Idi aliruka juu ya kitanda. Zuhura alibaki ameshika mwiko. Hanifa akaweka sahani chini polepole.

“Hiyo si safari yako,” akasema. “Hiyo ni ya Baba.”

“Hanifa!” mamake akamkemea.

“Mwache,” nikasema. “Ni kweli. Ni ya baba yako. Mimi nitabeba mizigo tu.”

Alichukua sahani yake akatoka. Lakini siku iliyofuata, nikiwa uani napima kitambaa, alikuja akasimama karibu na cherehani. “Nitaenda. Lakini nataka kuiona ile nyumba Baba aliweka stima.”

“Tutaitafuta,” nikamwambia. Zuhura alikuwa karibu, anakata vitunguu. Aligeuza uso, nami nikafikiri ni vitunguu.

Alfajiri ya Jumapili tulitoka Makina adhana ikiwa bado masikioni. Mama wa mandazi alikuwa ameshawasha jiko, akampa Idi mawili ya njiani, akasema tumletee bahari kidogo kwenye chupa. Tulikuwa na mabegi mawili, sufuria ya pilau, na furushi langu la vitambaa ambalo Hanifa alilibeba upande mmoja bila kuambiwa. Nililiona hilo.

Treni ya Mombasa iliondoka asubuhi. Sisi wa Kibera treni tunaijua kwa sauti. Ile ya zamani inapita Laini Saba ikipiga honi ili watu waondoe viazi na mitumba relini. Hii nyingine haikupiga kelele. Iliteleza tu, na Nairobi ikaanza kupungua: mabati, kisha mabohari, kisha nyasi, kisha hakuna kitu. Idi alibandika uso kwenye kioo. Kufika Tsavo udongo ulikuwa mwekundu kama matofali, na tukaona ndovu waliojipaka udongo huo wamesimama mbali, wekundu nao, hawasogei. Behewa zima lilinyamaza. Watu walikuwa wamelala au wanaota macho wazi, na joto lilikuwa linaingia kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Mimi nilitazama kichwa cha Hanifa kikilala kwenye bega la mamake, nikajiuliza Ramadhani angekaa kiti gani.

Mombasa tulilala katika lojing'i moja karibu na Mwembe Tayari, na asubuhi tukapanda basi la Lamu. Tulipopita juu ya daraja la Nyali, Hanifa aliinuka. Chini yetu kulikuwa na maji mapana ya kijani, yametulia, na mashua zimelala juu yake.

“Hii ndiyo bahari?” akauliza, hakumwuliza mtu.

Mama mmoja mwenye buibui, aliyekaa kiti cha mbele yetu, akageuka. “Huo ni mkono wake tu, mwanangu. Mwenyewe bado.”

Hanifa akakaa. Nilimwona akirudia midomoni: mkono wake tu.

Barabara ya kwenda Lamu ni ndefu na ina vizuizi vya polisi. Mnashuka, mnaonyesha vitambulisho, mnapanda, mnasahau mlikuwa mnazungumza nini. Baada ya Malindi minazi ilipungua. Kisha tukaingia nyanda za Mto Tana, maji yametandazwa pande zote mbili, ng'ombe wamezama mpaka magotini, ndege weupe juu ya migongo yao. Mbingu ilikuwa juu na nyingine ilikuwa chini kwenye maji. Zuhura aliniambia, “Nimechoka, lakini sitaki tufike.” Nilielewa. Kuna mahali ambapo mtu akiwa njiani hadaiwi jibu la swali lolote.

Alasiri tulifika Mokowe, mwisho wa barabara. Magari yote yanaachwa hapo. Idi aliyatazama yalivyopangwa kando ya gati, akauliza kama yamekatazwa kuingia. Boti ya injini ilitupitisha kwenye mfereji wenye mikoko kila upande, mizizi yake imesimama nje ya maji kama vidole. Kisha mfereji ukafunguka, na mji ukatokea mbele yetu umekaa chini kabisa juu ya maji, nyumba nyeupe zimebanana, minara ya misikiti, na wingu moja nyuma yake. Hanifa alitumbukiza vidole majini, akavionja, akakunja uso.

“Ni chumvi kweli,” akamwambia Idi.

“Wewe ulidhani Baba alidanganya?”

“Hapana. Nilikuwa nahakikisha.”

Bi Rukia alikuwa anatungoja mlangoni. Ni mama mnene, mchekaji, wa umri wa kuwa bibi, macho yamepakwa wanja. “Karibuni, ndooni, ndooni ndani!” Kule “njoo” ni “ndoo,” na Idi akaangalia pembeni kutafuta ndoo yenyewe. Kisha akampa Bi Rukia mkono, akamwambia, “Niaje.”

Hanifa alimfinya. “Shikamoo, Bibi,” akasema kwa haraka.

“Marahaba, mwanangu. Na huyu asema nini? Niaje ndiyo nini?”

“Ni salamu ya Nairobi,” Idi akajibu, anasugua mkono.

“Haya basi, niaje na wewe.” Bi Rukia akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo kila asubuhi alimwita Idi kutoka chini ya ngazi: “Niaje wa Nairobi, chai tayari!”

Nyumba yake ina kuta nene za mawe ya matumbawe na ua katikati, wazi kwa mbingu. Kuta zina vidaka vya kuwekea taa na vikombe. Sauti za nje zinafika zimechoka: kwato za punda, mtu akisema “Sambe! Sambe!” ili apishwe kwenye kichochoro, mtoto akisoma Kurani mahali usipopaona. Sisi tuliotoka mahali ambapo redio ya jirani ni yako pia, usiku wa kwanza tulilala kama waliotupwa kisimani. Asubuhi sikujua niko wapi, na sikutaka kuambiwa.

Kila siku nilishona mpaka adhuhuri. Nilitandaza mkeka uani, nikapasua mito ya zamani. Ndani yake hapakuwa na sponji, kulikuwa na sufi, pamba laini ya mti inayopeperuka ukiipulizia tu. Bi Rukia hakutaka kusikia habari ya sponji. “Sponji yachoma makalio,” akasema. “Nianikie sufi juani, uirudishe.” Basi tuliianika darini, juu ya paa. Upepo wa bahari ukichukua kidogo, sufi ilielea juu ya mji kama vijimanyoya vya ndoto, na Idi anaifukuza akicheka, na mimi nimekaa na sindano mkononi, sina haraka na dunia.

Mchana Hanifa alikuwa akipima kila kitu na maneno ya babake. Magari: hakuna. Punda: kila mahali, wanajiendea wenyewe bila mtu, wanajua nyumbani kwao. Siku ya pili tulifika mahali wanapotibiwa punda, kuna uga na mtu mwenye koti la daktari anamfunga punda mguu. Idi alipiga makofi. Hanifa alisimama kwenye ukuta mfupi, kidevu juu ya mikono, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sijawahi kuiona Makina.

“Si nilikuambia?” akamwambia Idi. Kisha, bila kunitazama, akaongeza, “Anko, Baba alisema hivi hivi.”

Lilikuwa neno dogo, lakini alikuwa ananiambia mimi.

Siku ya tatu tulikwenda Shela kwa miguu, tukifuata ufuo. Huko ndiko bahari mwenyewe anakaa. Baada ya kijiji ufuo unafunguka, hauna mwisho, mchanga mweupe unateleza chini ya maji membamba, na nyuma yake vilima. Vilima vya mchanga mtupu, kama alivyosema. Hanifa alivua viatu, akakimbia kupanda, anateleza, anapanda tena, na Idi nyuma yake anapiga kelele. Sauti zao zilichukuliwa na upepo zikaturudia kutoka upande mwingine.

Mimi na Zuhura tulikaa chini. Alikuwa anachota mchanga na kuuachia.

“Rashid,” akasema, “hakuwahi kufika.”

“Nani?”

“Ramadhani. Hakuwahi kuvuka Mombasa. Alikuwa na rafiki kazini, mtu wa huku, walikaa chumba kimoja kabla hatujaoana. Huyo rafiki ndiye alikuwa anasimulia. Mwanzoni Ramadhani alikuwa akimwambia Hanifa, rafiki yangu aliona hiki, rafiki yangu aliona kile. Siku moja mtoto akamwuliza, na wewe, uliona? Akasema, ndiyo. Basi ikawa ndiyo.”

Juu ya kilima Hanifa alikuwa amesimama, mikono ameinyoosha, mtandio unapepea.

“Kwa nini hukumwambia?”

“Nilikuwa nitamwambia akikua. Kisha babake akafa, na yale maneno ndiyo akawa amebaki nayo. Ningemnyang'anya?” Alifuta macho kwa nyuma ya mkono, mchanga ukabaki shavuni. “Nilidhani hatutawahi kuja. Watu wa Kibera wanakuja Lamu kufanya nini? Ndipo wewe ukaja na furushi lako la vitambaa.”

Nilimpangusa mchanga shavuni, tukakaa tukiwatazama watoto wakipanda na kuteleza, wakipanda na kuteleza.

Jioni hiyo, mezani, Hanifa alimwuliza Bi Rukia kama anaijua nyumba yenye mlango wa kijani na ngazi mbili, nyumba ya wageni. Zuhura aliacha kula.

“Iko nyuma ya soko,” Bi Rukia akasema. “Kwani?”

“Baba yangu ndiye aliweka stima.”

“Mashaallah! Basi mwulize Fundi Athumani. Ana duka la kutengeneza mapanka ya upepo, karibu na hapo. Stima ya mji huu yote imepita mikononi mwake, wageni wote wa kazi walikuwa wakifikia kwake. Nenda kesho baada ya alasiri, utamkuta.”

Hanifa alinigeukia. “Anko, utanipeleka?”

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniomba kitu.

Siku ya nne niliweka sindano chini mapema. Nilimwambia Bi Rukia naenda kununua uzi. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba na vina kivuli cha baridi, ukipishana na punda unajibandika ukutani. Nililikuta duka. Ndani alikaa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, amefungua panka mapajani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu: kuna msichana atakuja, amefiwa, nakuomba umwambie tu kwamba ulimjua babake. Neno moja, halimdhuru mtu.

“Karibu. Wataka nini?” akaniuliza.

Nilimwangalia. Nikamwona Hanifa akiondoka pale anacheka, na nikajiona mimi nikitembea naye, miaka mingi, nimebeba lile neno na yeye hajui. Je, nilimwambia kwamba aliyekuwa na haki ya kumdanganya mtoto huyu ni mmoja tu, na hayuko? Hapana, sikumwambia hivyo. Nilisema, “Natafuta uzi.”

“Uzi si hapa. Nenda mbele, kona ya pili.”

Nikanunua uzi ambao sikuuhitaji, nikarudi.

Baada ya alasiri nikampeleka Hanifa, tukaupita njiani ule mlango wa kijani wenye ngazi mbili. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, la buluu. Alimwamkia Fundi Athumani kwa adabu zote, akamweleza: Ramadhani, wa Nairobi, mrefu, anacheka kwa sauti, ana alama ya kuungua hapa mkononi.

Mzee aliweka bisibisi chini na akafikiri kweli kweli. “Ramadhani wa Nairobi. Hapana, mwanangu. Simkumbuki.”

“Labda umesahau. Ilikuwa zamani.”

“Huenda nimesahau mtu. Lakini nyumba ile sikuisahau. Stima ya nyumba ile niliitia mimi na ndugu yangu, tangu waya wa kwanza. Hapakuwa na mtu wa bara.” Alimwona uso, sauti ikashuka. “Labda ilikuwa nyumba nyingine.”

“Labda,” Hanifa akasema. “Ahsante, Babu.”

Akatoka. Alitembea haraka mpaka ukingo wa bahari, akaufuata ukuta wa mawe kuelekea Shela, akapita boti zilizofungwa, akapita watu wa mwisho, na mimi nyuma yake, mbali kidogo. Mahali ukuta unapokwisha kuna vipago, ngazi za mawe zinazoshuka majini. Akakaa hapo. Nikakaa kipago cha juu. Maji yalikuwa yanajaa, yanapanda kipago baada ya kipago bila kelele. Jua lilitua upande wa nyuma yetu, kwenye minazi, adhana za magharibi zikaanza moja moja na kupandana.

“Mama alijua?” akauliza mwishowe.

“Alijua.”

“Na wewe?”

“Aliniambia jana. Kule mchangani.”

“Ukaniacha niende nikaulize. Ulitaka nimwone Baba ni mwongo, ndiyo ufurahi.”

Ilinichoma, lakini sikukasirika. “Mchana nilikwenda kwa yule mzee,” nikamwambia. “Nilitaka kumwomba akuambie kwamba alimjua baba yako. Nilifika mlangoni nikashindwa.”

Akageuka. “Ulishindwa kwa nini?”

“Kwa sababu siku moja ungeniuliza, na mimi sijui kudanganya. Baba yako alijua. Kitu gani alichosema ambacho hatukukikuta? Punda tumewakuta. Hospitali tumeikuta. Mchanga umeupanda mwenyewe. Hata nyumba ya kijani ipo, ina ngazi mbili. Mimi ningesahau ngazi.”

Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua ni kilio au kicheko, na nadhani hata yeye hakujua, maana vilikuja vyote pamoja. “Alikuwa akisahau kila kitu,” akasema katikati ya machozi. “Alikuwa anasahau mpaka funguo. Lakini ngazi mbili hakuwahi kusahau.”

“Alikuwa anakutunzia.”

Akalia basi, kilio chenyewe, na mimi nikashuka nikakaa kando yake. Sikumshika. Nilikaa tu. Giza lilikuwa limeingia na hapakuwa na mwezi. Maji yalifika miguuni kwake, akaisogeza, na pale ilipopita miguu maji yakawaka.

Alinyamaza ghafla. Akasogeza mguu tena. Cheche za kijani-buluu zilikimbia kwenye vidole vyake na kuzimika. Akatia mkono, akauzungusha, na mkono wote ukavaa mwanga. Nikatia wangu. Wallahi, ndugu zangu, mwanga ulinipita kati ya vidole kama mchele wa moto usiochoma. Baadaye Bi Rukia alituambia ni vijidudu vya baharini, kwamba vinawaka msimu ukifika na mwezi ukiwa haupo. Pale hatukujua neno lolote la kuueleza.

“Stima,” Hanifa akanong'ona.

Nyuma yetu nikasikia sauti ya Zuhura, inaita, ina hofu. Yeye na Idi walikuwa wametutafuta mji mzima. Hanifa alisimama. Nilidhani atamgombeza mamake, nikajiandaa. Lakini alisema tu, “Mama, njoo uone. Na hii pia ni kweli.” Zuhura akashuka na buibui lake likalowa mpaka magotini, wakakumbatiana ndani ya maji, na kila walipotikisika mwanga uliwazunguka. Idi alikuwa anapiga maji kwa mateke, hajui chochote, anafurahi tu.

Siku mbili zilizobaki zilipita kama usingizi wa mchana. Hanifa na mamake walikaa darini wakizungumza, wakati mwingine sauti zikipanda, wakati mwingine kimya kirefu. Sikupanda. Nilishona. Nilirudisha sufi iliyoanikwa ndani ya vitambaa vipya, nikapanga mito kwenye mabaraza, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Alasiri ya mwisho Hanifa alikuja akakaa chini karibu nami, akachukua sindano ya pili.

“Nikuambie kitu kuhusu Baba?” akasema. “Lakini hiki si cha Lamu. Hiki ni cha kweli, cha Makina.”

“Niambie.”

Akaniambia jinsi babake alivyokuwa akimbeba begani kwenda msikitini siku za sikukuu, na alivyokuwa anaimba vibaya, na alivyoogopa paka. Nilicheka. Aliendelea mpaka mwanga ukaisha uani, na tukashona mto mzima upande usiofaa, ikabidi tuufumue.

Tuliondoka asubuhi maji yakiwa yamejaa. Bi Rukia alitupa mabuyu na mkate wa mofa, akamwambia Idi, “Niaje, rudi mwakani.” Kwenye boti Hanifa alikaa mbele, ametazama tunakokwenda. Basi, daraja, usiku mmoja Mombasa, treni. Tsavo haikuwa na ndovu safari hii, ilikuwa na mvua mbali, pazia la kijivu linalotembea peke yake.

Katikati ya Tsavo Idi akauliza, “Hanifa, Baba alikuwa analala wapi kule Lamu?”

Zuhura alinishika mkono chini ya meza ya behewa. Hanifa alifikiri kidogo.

“Baba hakufika Lamu,” akasema. “Alisikia kwa rafiki yake, akaipenda sana, akatuletea. Wewe ndiye umefika.”

“Mimi?” Idi akajiangalia kifuani kama aliyepewa cheo. “Mimi nimefika na Baba hakufika?”

“Eeh.”

“Basi nitamwambia.” Akarudi kwenye kioo.

Nairobi tulifika kwenye baridi, harufu ya moshi na mvua. Niliondoka nikidhani nakwenda kulipa ahadi ya marehemu, na nikilipa nitapewa nafasi yake. Nilichojifunza ni kwamba nafasi yake haitolewi, na mimi sikuihitaji. Penye kumbukumbu ya mtu mwingine unaweza kukaa kipago cha juu, ukangoja, na maji yakipanda mtakuwa kwenye kipago kimoja.

Jioni ile ile ua wetu wa Makina ulijaa. Shangazi zake Zuhura walikuja, na majirani, na wasichana wanaosoma na Hanifa. Mama wa mandazi akaulizia chupa yake. Wakamkalisha Hanifa katikati. “Haya, tuambie. Lamu iko aje?”

Hanifa aliwatazama watu wote wale, kisha akanitafuta nilipokuwa nimesimama mlangoni, mizigo bado mkononi.

“Anko, anza wewe,” akasema. “Ukikosea nitakukatiza.”

Nikaweka mizigo chini, nikakaa, nikaanza: “Tulitoka hapa asubuhi, kulikuwa na jua—”

“Alfajiri,” Hanifa akasema. “Na hakukuwa na jua.”